Entity Framework Core: Tumechoka kubadilishiwa maulizo chinichini kila toleo jipya

Wakuu, heshima kwenu.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Oktoba 2008, waliojenga mifumo yao juu ya LINQ to SQL, maktaba ya .NET ya kuiuliza hifadhidata kwa msimbo wa C# ambayo haikuwa imetimiza hata mwaka, walitangaziwa na Microsoft kwamba njia inayopendekezwa sasa ni Entity Framework, maktaba yao nyingine ya kazi hiyohiyo. Mwaka 2016 ikaja Entity Framework Core, iliyoandikwa upya tangu msingi, na waliohamia huko wakaambiwa wasubiri mambo waliyokuwa nayo tayari, kama vile uhusiano wa wengi kwa wengi usiohitaji klasi ya kati, ambao ulirudi mwaka 2020. Hayo tuliyavumilia kwa sababu yalionekana. Kitu kisipokuwepo, unajua mapema na unapanga.

Yasiyovumilika ni mabadiliko yanayopita bila kuonekana. Toleo la 3.0, la Septemba 2019, liliamua kwamba ulizo lenye Include (agizo la kuleta data inayohusiana) za orodha kadhaa litapelekwa kwenye hifadhidata kama ulizo moja lenye JOIN, yaani linalounganisha majedwali, ilhali matoleo ya nyuma yalikuwa yakiligawa kuwa maulizo kadhaa. Msimbo haukubadilika hata herufi moja, kompaila haikulalamika, na majaribio yenye data kidogo yalipita. Lakini oda moja yenye bidhaa 50 na malipo 20 sasa inarudisha safu 1,000, kwa kuwa kila bidhaa inazidishwa kwa kila malipo. AsSplitQuery, agizo linalorejesha mgawanyo ule, ilikuja Novemba 2020 katika toleo la 5.0. Kwa zaidi ya mwaka mzima, mwenye mfumo alitakiwa kuyagawa maulizo yake kwa mkono.

Somo halikueleweka. Toleo la 8, la Novemba 2023, likabadilisha tafsiri ya Contains, agizo la kuangalia kama thamani imo katika orodha: orodha iliyokuwa ikiandikwa thamani kwa thamani ndani ya IN ya SQL ikaanza kutumwa kama JSON, yaani maandishi mamoja, na kufunguliwa kuwa safu kwa OPENJSON, amri ya SQL Server. Sababu yao ni ya kweli, maana kila orodha mpya ilikuwa ikiilazimisha SQL Server kutengeneza mpango mpya wa utekelezaji, yaani njia ya kulitekeleza ulizo. Hata hivyo, hifadhidata yenye kiwango cha upatanifu (mpangilio unaoamua ifuate tabia za toleo gani la SQL Server) chini ya 130 haiifahamu OPENJSON kabisa, na hata inapofahamika, seva haijui orodha ina thamani ngapi, hivyo inaweza kuchagua mpango mbovu. Kisha toleo la 10, la Novemba 2025, likageuza tena: sasa kila thamani ni parameta yake, yaani hutumwa kando ya maandishi ya SQL. Ni mstari uleule wa C#, umetafsiriwa kwa njia tatu ndani ya miaka mitatu!

Msiniambie kwamba yote yameorodheshwa kwenye nyaraka. Orodha haimwonyeshi msimamizi wa mfumo wa hospitali ni lipi kati ya mamia ya maulizo yake litakaloelemea seva siku ya kazi, wala hana hiari ya kubaki alipo, kwa sababu hata toleo la muda mrefu huachwa bila msaada baada ya miaka mitatu.

Ninachodai ni hiki: tafsiri mpya ya ulizo ianze kama hiari kwa toleo zima, na njia ya kurudi kwenye tafsiri ya zamani itolewe siku ileile badiliko linapotoka. Wenye maulizo yaliyoharibika, wekeni hapa SQL ya kabla na ya baada pamoja na mipango yake ya utekelezaji, tuipeleke kwa timu yao kule GitHub ikiwa na ushahidi.