Ati "ni wewe umempa"! Huyu mtu wa dirisha la matokeo nani alimpa kazi?

Niko kwa matatu naandika hii na mkono bado unatetemeka. Simtaji, mnamjua, yule wa dirisha la matokeo mwenye sauti ya makanga. Kijana wangu wa miaka 6 alikuwa atolewe tonsili, wakasema kwanza damu ipimwe kama inaganda sawa, ikatoka sekunde 58 na karatasi inasema mwisho 36. Sasa badala aniite kando, akainua hiyo karatasi juu kama mnada wa ng'ombe, wakasikia mpaka Mombasa: "Mama, hii ni hemofilia, na ni wewe umempa!"

Ni wewe umempa! Yaani ule ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, ambao kwa kawaida kijana hurithi kwa mamake. Na mama mkwe amesimama hapo hapo, mkoba kwapani!

Wiki tatu sijalala. Mpira nimeficha juu ya kabati, mtoto akikohoa tu naangalia kitambaa kama kuna damu, ukoo mzima umeshapigiwa simu. Leo daktari wa damu ndio ananiambia hakuna hemofilia. Walichanganya plazma yake, ile maji ya damu, nusu kwa nusu na ya mtu mzima wa afya, ingekuwa ni faktori imepungua, zile protini za kugandisha damu, muda ungerudi kawaida, haukurudi. Ni antibodi, kinga ya mwili, watoto huipata wakiugua ugua kama hizo tonsili, inashika fosfolipidi, aina ya mafuta iliyo kwa dawa ya kipimo, damu inachelewa kuganda kwa chupa lakini mwilini haimfanyi avuje. Hata faktori 8, ile hupungua kwa hemofilia ya kawaida, ilisoma chini kwa uongo, walipozimua plazma zaidi ikapanda. Kwa watoto mara nyingi inaisha yenyewe, turudi baada ya wiki 12.

Nikapita dirishani nimwambie. Akanijibu "shukuru Mungu mama, anayefuata!" Anayefuata!! Mbele ya watu ulisema ni wewe umempa, mbele ya watu uombe msamaha!

bibi_wa_kayole: Pole sana dada. Na hata ingekuwa hemofilia kweli, karibu thuluthi ya visa huanza tu bila historia yoyote kwa familia. Anajua kelele, kazi hajui.

jamaa_wa_45: Mama hii ni uzi ama wimbo? Nimehesabu kiitikio mara tatu.

Mwenye uzi: Mara tatu? Kwangu nyumbani kinaimbwa asubuhi na jioni. NI WEWE UMEMPA!

kamwana_k: Mimi hapo walinitoa damu kwa ile chupa ya kifuniko cha bluu wakajaza nusu. Ile ina sitreti ndani, dawa ya kuzuia damu isigande, lazima damu ifike kwa alama, la sivyo inaonekana inachelewa kuganda na wewe huna shida. Nikalipa kipimo mara mbili.

mzee_paking: Kipimo ni nini, mimi nimelipia paking masaa manne nikingoja namba 87, kufika 86 wakaenda lanchi.

jamaa_wa_45: Na yule soja wa geti anayekutoa kwa kivuli eti ni pa daktari?

kamwana_k: Wueeh huyo! Afunguliwe uzi wake leo leo.

mzee_paking: Fungua, naleta picha ya risiti.