Leni ya kulia Morogoro Road: lori likiwasha indiketa ya kushoto linaniambia nini?

PichaYaNdege:
Wakuu habari za jioni. Mimi nakaa Kibaha kazi yangu iko Ubungo, kwahiyo hii barabara ya njia nane toka Kimara mpaka Kibaha naila kila siku ya Mungu, kilomita 19 na ushee, asubuhi naenda jioni narudi. Wakati inajengwa tulijua mateso ndio yameisha, kumbe tumeongezewa uwanja wa kusumbuana tu.

Alhamisi iliyopita saa moja kasoro jioni, nimeshaipita stendi ya Mbezi, mbele yangu malori mawili yanaenda sambamba, moja leni ya kati moja kulia kabisa, yote spidi 40 na hakuna anayempita mwenzie. Nikamwashia fulu yule wa kulia, kimya. Nikamwashia tena, akawasha indiketa ya kushoto. Nikajua anahama, nikasubiri. Hahami. Indiketa inawaka tu tik tik tik. Mara yule wa kati akapunguza akaingia pembeni kupaki, leni ya kati ikabaki wazi, nikaona isiwe tabu ngoja nipite hapo. Nimefika usawa wa kichwa cha lori lake ndio jamaa anakuja kushoto!! Nilikandamiza honi, nikakwepea huko kwa madaladala, bahati palikuwa hapana mtu. Mke wangu hakuongea neno mpaka Maili Moja.

Sasa naombeni kueleweshwa, ile indiketa maana yake ilikuwa "nahama" au "nipite"? Maana huko safarini tunajua lori likiwasha kushoto ni ruksa, likiwasha kulia tulia kuna gari linakuja. Na kwanini lori lijikalie kulia kabisa wakati kushoto kupo?

chuma_chakavu:
Kosa la kwanza ni lako mkuu, ulimpita kushoto. Darasani walituambia ovateki ni kulia, au leseni ulinunua 😂

PichaYaNdege:
Kulia alikuwepo yeye, ningepita juu yake?

mama wawili:
Pole sana kaka na mpe pole shemeji/wifi. Mimi wanaonikera sio malori jamani, malori hata ukilia yako vile vile. Wanaonikera ni wale wa Land Cruiser V8. Mtu nipo kulia kihalali kabisa, namalizia kulipita basi, nipo 80, anakuja nyuma amewasha mataa kama kuna msiba anauwahi, ananisukuma mpaka naona nembo ya gari lake imejaa kwenye kioo changu. Niende wapi? Kushoto kuna basi, mbele kuna Noah, nipae? Na nikija kumpisha anapita na honi juu, halafu mbele kidogo kuna kibao cha 50 trafiki yupo na tochi ya kupimia spidi, namkuta kasimamishwa ameinamia dirisha anajieleza. Siku hiyo nilipunguza mwendo makusudi ili anione napita.

Ila na sisi wenye vigari vidogo tusijitoe. Kuna watu wanajua watageuza mbele huko lakini kulia wameingia tangu kilomita mbili nyuma, spidi 45, simu ipo sikioni, nyuma yake msururu. Ukija kumpita anakuangalia wewe vibaya.

chuma_chakavu:
Kuna siku foleni imesimama pale Kimara, watu wanatanua mpaka kwenye mtaro, mmoja akatanua akakuta kibanda cha mkaa, anataka kurudi leni hakuna wa kumpa nafasi. Alikaa pale mpaka muuza mkaa akamuuliza kama anachukua gunia au debe.

tela futi 40:
Naendesha semi, lori la kuvuta tela, Dar Tunduma na kuvuka Zambia, mwaka wa 11 huu. Naomba niongee kwa upande wetu msinirushie mawe kwanza.

Hiyo lugha ya indiketa ipo kweli ila ni ya barabara ya njia mbili, Chalinze huko, Mikumi, ukipanda Kitonga. Pale nyuma yangu wewe huoni mbele, mimi naona, kwahiyo nakuwa macho yako. Kulia nakukataza, kushoto nakuruhusu. Na usiku mkipishana na lori likakuwashia ya kulia hakatazi kitu, anakuonyesha ubavu wa gari unaishia wapi usije kumpalamia. Sasa shida dereva ametembea wiki nzima na lugha hiyo, anaingia Kibaha kwenye leni kibao anaendelea nayo ile ile. Yule wako mimi nahisi mwanzo alikuwa anataka kuhama akamkuta mwenzie yupo pembeni, akaacha inawaka. Ulivyoingia akajua bado umekaa nyuma. Amekosea, simtetei, alitakiwa aangalie.

Kuhusu kukaa kulia. Ndugu zangu kushoto pale kuna daladala inashusha bila taarifa, bodaboda anakuja rongi saidi na abiria wawili, bajaji, watoto wa shule. Gari langu na mzigo ni makumi ya tani. Kulisimamisha na kuliondoa tena sio kama kigari kidogo cha IST, ni kuanza gia za chini moja moja, na kile kipande kina vilima. Ndio maana mtu anasogea kati akae na mwendo wake. Kati nakubali. Kulia kabisa HAPANA, na ule mchezo wa kwenda sambamba mmoja ana 40 mwingine 41 eti anaovateki, huo ni ujinga wa madereva wetu na tunasemana kila siku kwenye maegesho.

PichaYaNdege:
Mkuu asante sana umenifungua macho. Sasa nikikuta hali kama ile tena nifanyeje, nikae nyuma mpaka Kibaha?

tela futi 40:
Indiketa usiitegemee, angalia kichwa kinaelekea wapi. Piga honi fupi moja ukiwa bado nyuma, usisubiri ukiwa ubavuni. Na kama huna namna lazima upite kushoto basi jua kwamba upande ule mimi nakuona kwa shida sana, ukishafika karibu na mlango umepotea kwenye vioo vyangu. Anayekuona ni utingo, msaidizi wangu, yeye ndio anakaa dirisha la kushoto. Akitoa mkono akakupungia, pita haraka usikae hapo. Mkono usipouona, kaa nyuma. Huenda amelala au sikuja naye.

mama wawili:
Kumbe ule mkono huwa ni wa utingo! Mimi miaka yote nilijua wananitania.

PichaYaNdege:
Dah. Yule wa Alhamisi dirisha la kushoto lilikuwa limeanikwa taulo, la bluu, limebanwa na kioo. Nililiona vizuri kabisa wakati napiga honi.

tela futi 40:
Basi utingo alikuwa amelala mkuu. Hapo hamkuonekana na mtu yeyote.