Kikundi cha Ukoo: Mahali pa Kikao

Shangazi Tumaini, saa 1:10 usiku: Kamwene, ndugu zangu. Tangu juzi nauliza, na waliojibu ni wawili tu. Kikao lazima kiwe katikati ya Mbeya na Iringa, upande mmoja usije ukabeba nauli yote.

Baba Neema: Hata kwenye arobaini tuliambiwa hivyo, na sisi wa Iringa ndio tuliolala stendi.

Shangazi Tumaini: Ndiyo maana nimemwomba Upendo, aliye kidato cha nne, apige hesabu.

Upendo: Shikamooni. Nimeweka longitudo kwenye mhimili wa x na latitudo kwenye mhimili wa y, na kwa kuwa tuko kusini mwa Ikweta, latitudo zetu ni hasi. Kwa kukadiria, Mbeya ni (33.5, −8.9) na Iringa ni (35.7, −7.8). Nimejumlisha x zote mbili nikapata 69.2, nikagawa kwa 2; y nazo zimeleta −16.7, nikagawa vilevile. Nukta ya kati ni (34.6, −8.35).

Baba Mdogo: Mimi nilitoa badala ya kujumlisha, nikapata (1.1, 0.55). Kwenye ramani ni baharini, Ghuba ya Guinea!

Mama Neema: Basi sare iwe maboya 😂

Shangazi Tumaini: Tafadhali, turudi kwenye hoja.

Upendo: Baba Mdogo, ukitoa unapata nusu ya tofauti, si mahali penyewe. Hiyo 1.1 uijumlishe kwenye 33.5 ya Mbeya, nawe utafika 34.6.

Baba Neema: Na hapo ni wapi?

Upendo: Ni tambarare za Usangu, kaskazini mwa barabara kuu, kwa sababu kanuni hufuata mstari ulionyooka, ilhali barabara huzungukia kusini kupitia Makambako.

Babu, saa 2:35 usiku: Mpunga wa Usangu nimeupalilia ujanani, nikizama matopeni hadi magotini. Mimi na bibi yenu hatuwezi kushukia huko. Mtoto amekokotoa vizuri, lakini tutakutana Makambako, mahali basi linaposimama. Na mwenye neno la stendi anipigie mimi.

Shangazi Tumaini: Tumesikia, Babu. Nani atatafuta ukumbi? Tarehe je?

Shangazi Tumaini, saa 3:20 usiku: Naona mmesoma.

Mama Upendo, saa 4:48 usiku: Samahanini, simu ilizima. Je, sisi wa Tunduma tumo kwenye hesabu hiyo?