Naomba ushauri: saratani ya matiti inatembea kwenye ukoo wetu, nikapime jeni?

Wakuu, habari za humu. Niko Kigoma mjini, Mwanga, miaka 31, nina binti mmoja.

Mama aliuza dagaa Kibirizi. Uvimbe aliuficha chini ya kanga karibu mwaka mzima, akidai ni maziwa yameganda, wakati kitinda mimba wetu yuko darasa la sita! Alifariki akiwa na miaka 43. Mama mkubwa alishamtangulia kwa ugonjwa huo huo. Mtaani wanasema tumerogwa.

Juzi nikasoma habari za Mary-Claire King, mtafiti wa Marekani. Alianza kufuatilia koo za namna hii miaka ya 1970, na mwaka 1990 akaonyesha jeni inayohusika iko kwenye kromosomu ya 17 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli). Ndiyo BRCA1. Mzazi akiwa na hitilafu kwenye jeni hiyo, ile inayoongeza hatari ya saratani ya matiti, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi, na hata baba huipitisha. Nikawawaza kaka zangu wawili, wanaoona haya ni mambo ya wanawake.

Daktari niliyemwona alinipapasa tu, akasema nirudi nikiona uvimbe. Sikuridhika.

Kuna aliyepima jeni hizi akiwa hapa nchini? Nianzie hospitali ya Bugando, Mwanza, au niende moja kwa moja taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar? Gharama ikoje, bima inagusa? Mume wangu anasema bora kutojua. Dada zangu mliopitia haya, nisaidieni. Wa utani leo mnivumilie.