Tupeane uzoefu: nguvukazi ya wananchi inakwamia wapi?

KorongoKavu: Wakuu, njia ya Bahi, Dodoma, kuna boma (kuta za jengo lisilokamilika) limeota mti ndani, renta (mkanda wa zege juu ya madirisha na milango) halijafika. Nguvukazi, yaani kazi na vifaa wananchi wanavyochangia ujenzi, huwa inakwamia wapi?

FundiRenta: Kwenye mchanga. Mkutano mkuu unapitisha "kila kaya ilete mchanga", basi, bila kipimo. Huyu analeta ndoo mbili, yule kumi, wote wanadai wametimiza. Andikeni idadi ya ndoo za lita 20, kila kitongoji na rundo lake, daftari lishikwe na kamati ya ujenzi. Kibaya zaidi ni mchanga wa korongoni wenye udongo. Jaza chupa nusu, ongeza maji, tikisa, iache mpaka kesho. Tabaka la udongo juu likiwa nene, rudisha. Ukiupokea, fundi ataongeza saruji ili zege lishike, mifuko inaisha kabla ya renta, kijiji kinaambiwa saruji imeibwa. Hapo hakuna atakayebeba ndoo tena. Na rundo likikaa wazi mpaka Desemba, mvua inalirudisha korongoni.

Chanda: Hiyo ya saruji kuibwa 😂 kabisa.

MtendajiMstaafu: Asiyeleta apigwe faini, mbona rahisi.

MamaMtama: Kwa sheria gani mzee wangu? Sheria ndogo inatungwa na halmashauri ya kijiji, inapita mkutano mkuu, wilaya inaidhinisha. Bila hapo ni kunyang'anya watu kuku.

MtendajiMstaafu: Kuku ndiye anayeleta mchanga, binti yangu.

Mlangali: Mnagombania kuku, mpango wenyewe uliandikwa mezani. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo vipaumbele vifike kata mapema, kabla wilaya haijafunga bajeti. Kaeni mkutano wa kupanga Agosti hadi Oktoba, baada ya mavuno. Mvua ikianza watu wako mashambani, mnabaki wajumbe na wazee. Siku ya mnada msiitishe kabisa.

Chanda: Mnadani ndiko watu waliko! Itisheni hukohuko.

MamaMtama: Tangazeni mnadani, mkutane kesho yake. Na nguvukazi ithaminiwe kwa shilingi kwenye muhtasari, la sivyo taarifa ya mradi itaonyesha wananchi hawakuchangia kitu.

KorongoKavu: Tripu moja ya lori la mchanga ni ndoo ngapi?

FundiRenta: Tripu ya mita za ujazo 3 ni ndoo 150. Kaya 50, tatu tatu. Zijazwe mpaka ukingoni, msipokee za nusu.