Mistari 4,200 ya mizani ya kahawa: naruka vipi bila kusukuma mausi siku nzima?

KaraniMizani (Moshi): Habari zenu wakuu. Shiti la Excel la kahawa ya maganda lina mistari 4,200, eneo kwa eneo: Kibosho, kisha Uru, kisha Machame. Ctrl na mshale wa chini husimama njiani. Ctrl+End nayo hunitupa mstari wa 61,000, kweupe kabisa. Nifanyeje?

ShitiSafi: Mkuu, mshale husimama kabla ya seli tupu. Tumia kolamu isiyo na mapengo, ya namba ya risiti kwa mfano. Au bonyeza Ctrl+G, andika A1048576 (seli ya chini kabisa ya kolamu A), Enter, halafu Ctrl na mshale wa juu: unatua kwenye risiti ya mwisho.

Huko 61,000 kuna mtu alipaka rangi au kuchora mistari ya jedwali, na Excel huhesabu seli hizo kuwa zimetumika. Simama kolamu A kwenye mstari wa kwanza mtupu chini ya risiti ya mwisho, bonyeza Ctrl+Shift+End, kisha Shift+Space, kisha Ctrl na alama ya kutoa. Hifadhi faili. Kitufe cha Delete hakitoshi, kinafuta maandishi tu na kuacha rangi.

Pasua_Data: Maeneo yape majina. Simama seli ya kwanza ya Machame, bofya kile kisanduku kidogo juu kushoto kinachoonyesha anwani ya seli, andika Machame, Enter. Kesho ukiliandika tena humo unafika papo hapo, hata kama umeingiza mistari mingine juu yake. Nafasi hairuhusiwi, kwa hiyo Uru_Mashariki. Na usijaribu URU12! Hiyo ni anwani halali ya seli, utajikuta umepelekwa kolamu ya URU.

ShitiSafi: Sawa, ila ukipanga upya kwa kilo majina hayo yanabaki palepale huku data imehama. "Machame" itakuonyesha mkulima wa Kibosho. Kwa shiti linalopangwa kila wiki bora kutafuta: Ctrl+F, fungua Options, weka tiki kwenye Match entire cell contents, la sivyo ukitafuta risiti 214 italeta 1214 na 2140 pia.

KaraniMizani: Nashukuru. Na vichwa vya kolamu vinavyopotea nikishuka?

Pasua_Data: Ctrl+Home kwanza, kisha simama C2, View, Freeze Panes. Mstari wa 1 na kolamu A na B vitaganda. Ukigandisha wakati mstari wa 1 umeshapita juu ya kioo, hutaufikia mpaka ugandue.