Mjadala: Je, dawa ya minyoo ya farasi na punda iuzwe kwa cheti cha daktari pekee?

Mfugaji wa Mufindi

Kamwene, ndugu zangu. Ninaleta hoja ambayo imenikera kwa muda mrefu. Kwa maoni yangu, dawa za minyoo za farasi na punda zisiuzwe bila cheti cha daktari wa mifugo, na cheti hicho kisitolewe mpaka kinyesi kimepimwa na mayai ya minyoo yamehesabiwa. Denmark walishafanya hivyo, nadhani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huku kwetu, kuanzia Mafinga hadi Njombe, mwenye farasi anaingia duka la dawa za mifugo, anachukua albendazoli au ivamektini, na kila baada ya miezi mitatu anawapa wanyama wote wa zizi, awe aliyenona au aliyekonda, mwenye minyoo au asiye nayo. Matokeo yake ni usugu. Minyoo midogo ya utumbo mpana imeshaishinda jamii ya albendazoli katika nchi nyingi, na ivamektini, iliyoingia sokoni mwaka 1981, nayo haitadumu tukiendelea hivi. Kinachosikitisha ni kwamba mtu huyohuyo anayekwepa gharama ya kipimo utamkuta amemnunulia farasi wake blanketi. Blanketi ni pambo la mwenye mali. Farasi wa nyanda za juu Mungu amekwisha kumvika.

Mama wa Matamba

Kaka yangu, habari ya cheti nitaizungumzia siku nyingine, lakini hilo la pambo siwezi kulipita. Mimi niko Matamba, jirani na uwanda wa Kitulo ambao uko kwenye mita 2,600 hivi, na alfajiri za Juni na Julai nyasi huku zinakuwa nyeupe kwa barafu. Nina farasi jike mzee ambaye meno yamekwisha. Anatafuna majani, kisha anayadondosha yakiwa yamesokotwa madonge, na mbavu zake zinahesabika hata nikimwongezea pumba iliyolowekwa. Ninamvika jua linapozama na kumvua ukungu unapoondoka, na kila ninapomvua ninapitisha kiganja mabegani na juu ya mgongo kutafuta mahali palipochubuka. Nieleze hapo ni nani anayejipamba.

Mzee wa Uyole

Binti yangu ana haki ya kukasirika, na mdogo wangu wa Mufindi ameshika nusu ya ukweli. Farasi mzima, mwenye nyama ya kutosha na aliyeizoea hali ya mahali, huivumilia baridi kavu kuliko sisi, kwa sababu manyoya yake husimama na kushika hewa, na majani aliyokula huchachuka katika utumbo mpana na kumpa joto usiku kucha. Kinachomshinda ni mvua ikija pamoja na upepo, maana manyoya yakilowa hulala na ile hewa hutoka. Huku Uyole mwezi wa Machi unaweza kupata manyunyu asubuhi, jua kali saa saba na baridi ya kuuma saa mbili usiku, kwa hiyo blanketi linamtaka mtu aliyepo nyumbani kulivua na kulirudisha. Lililolowa hadi ndani ni baya kuliko kutovaa kabisa, na lililosahauliwa mgongoni hadi mchana humtoa farasi jasho ambalo jioni linageuka baridi.

Ila baridi ya tumbo ipo. Nimeona misokoto ya tumbo mingi zaidi Juni kuliko Januari, na farasi, kwa kuwa hana nyongo, hawezi kutapika akapata nafuu. Kwa sababu hiyo nasema tumbo lifunikwe.

Mwenye Mkokoteni, Igurusi

Shikamoo, mzee wangu. Naomba niseme kwa niaba ya wenye punda, kwa kuwa kichwa cha mjadala kinatutaja na tangu hapo hakuna aliyetukumbuka. Punda wangu hubeba mpunga kutoka mashambani hadi mashineni, na ndiye anayesomesha watoto. Dawa ya ng'ombe ninayonunua ndiyo ninayoimudu, na kiasi ninakadiria kwa macho kama walivyofanya wazee. Mkisema iuzwe kwa cheti, nani atanitafutia daktari wa kuja Igurusi kwa ajili ya punda mmoja? Sheria hiyo itamfikia maskini kwanza. Mfugaji wa Mufindi anazungumza kama mtu ambaye maabara iko nyuma ya nyumba yake.

Mfugaji wa Mufindi

Maabara haiko nyuma ya nyumba yangu, ndugu, na sikukutukana. Nimesema usugu unamwumiza kila mtu, na wewe wa punda mmoja utaumia zaidi siku dawa ya bei nafuu itakapokuwa maji. Kuhusu blanketi, sikumsema mwenye mnyama mzee. Niliwasema wenye farasi wa miaka sita, wanene, wenye banda, wanaowavika kuanzia Mei hadi Septemba kwa sababu mgeni mmoja aliwaambia kwamba Uingereza hufanyika hivyo.

Mama wa Matamba

Hukuandika "farasi wa miaka sita", uliandika "pambo la mwenye mali". Maneno yako bado yako pale juu na kila mtu anayasoma.

Daktari wa Mifugo, Iringa

Nimechelewa kuingia, lakini kuna mambo ya hatari yameachwa yapite. Mzee wangu, kwa heshima zote: ni kweli kwamba farasi hana kifuko cha nyongo, lakini kinachomzuia kutapika ni msuli wa mlango wa tumbo, ambao hukaza kwa nguvu na kuruhusu chakula kuingia tu. Misokoto ya Juni nami naiona, ila blanketi halitaizuia, kwa kuwa chanzo chake kikubwa ni maji. Farasi wa kilo 450 au 500 huhitaji lita 25 hadi 50 kwa siku; asubuhi ya baridi anaonja maji ya ndooni na kuyaacha, wakati huohuo nyasi zimekauka na tunampa majani makavu, na vile vilivyomo tumboni vinakuwa vigumu na kukwama. Mwongezeeni maji ya moto kidogo kwenye ndoo ili yawe vuguvugu, mpeni chumvi, na mkibadilisha chakula mbadilishe polepole kwa wiki moja au zaidi. Mvua za kwanza zina hatari ya namna nyingine, kwani majani mateke yanayoliwa ghafla hujaza gesi.

Farasi anayekuna ardhi kwa mguu, anayegeuka kutazama ubavu, anayelala na kuinuka au kujigaragaza, mwondoleeni chakula na mpigieni daktari. Kumtembeza polepole kunafaa; kumkimbiza mpaka achoke hakufai. Msimnyweshe mafuta kwa chupa, kwa sababu yakiingia mapafuni mtakuwa na ugonjwa wa pili; sisi hupitisha mpira puani hadi tumboni.

Kuhusu hoja yenyewe, Denmark ni mwaka 1999. Nakubaliana na kipimo, kwa kuwa katika kundi la wanyama wazima takriban asilimia 20 ndio hutoa asilimia 80 ya mayai yote, na wengi wetu hatumtibu mnyama mzima mwenye mayai chini ya 200 kwa kila gramu. Hata hivyo kipimo hakiwaoni mabuu waliojificha kwenye ukuta wa utumbo, wala hakitufai kumwamulia mwana farasi, ambaye minyoo mikubwa ikifa mingi kwa pamoja inaweza kumziba utumbo mwembamba. Sheria inayotegemea hesabu ya mayai peke yake itakuwa na tundu hapo, na ningependa mleta hoja anijibu. Kwa ndugu wa Igurusi: kukadiria kwa macho mara nyingi humpa mnyama dawa pungufu, na dozi pungufu ndiyo inayofuga usugu. Na ivamektini ya sindano ya ng'ombe usimdunge punda, maana mahali pa sindano panaweza kuoza.

Mwenye Mkokoteni, Igurusi

Daktari, nimekuelewa na sitadunga tena. Sasa naomba unijibu hili. Tangu jana jioni punda wangu amesimama peke yake, masikio yameshuka, hajagusa pumba, lakini hajigaragazi wala hatoki jasho. Nilidhani ni baridi ya mvua, nikamfunika gunia.

Daktari wa Mifugo, Iringa

Usisubiri ajigaragaze. Punda huficha maumivu, na kwa punda kuzubaa na kukataa chakula ni dalili ya dharura. Angalia kama amekunya tangu jana, na kama kinyesi ni kikavu au kina ute. Mtazame ufizi kama umebadilika rangi, kisha mpigie afisa mifugo wa kata sasa hivi umweleze hayo. Kama huwa anazurura sokoni, mwambie pia, maana mifuko ya plastiki hukwama tumboni. Gunia lililolowa liondoe, umsogeze chini ya paa. Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi.

Mama wa Matamba

Pole sana, mwanangu, tujulishe jioni. Daktari, nami nina swali: nikitaka kupima kinyesi cha yule jike, kitafikaje maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) hapo Iringa wakati basi la huku halina uhakika?

Daktari wa Mifugo, Iringa

Chukua kinyesi kilichodondoka asubuhi hiyohiyo, ujazo wa ngumi, kutoka katika madonge kadhaa. Kitie kwenye mfuko, ukamue hewa yote, ufunge na kuandika jina la mnyama, tarehe na siku aliyopewa dawa ya mwisho. Kiwe baridi bila kuganda, kwa sababu kwenye joto mayai huanguliwa na hesabu hupotea. Kikichelewa siku moja kwa ubaridi huo bado kinapimika. Ukishampa dawa, chukua kingine baada ya siku 14, nasi tutajua kama dawa hiyo bado inafanya kazi kwako.

Mfugaji wa Mufindi

Nitapeleka vya farasi wangu wote wiki hii, pamoja na vya wana wawili. Na mama, neno la pambo nimelifuta.